Mshipi na mshipa: kwenda kuvua na ndugu anayesafishwa damu

Ndugu akianza kusafishwa damu, familia huuliza kwanza habari za fedha, kisha habari za chakula. Swali la safari ya kuvua huja mwisho kabisa, tena kwa sauti ya chini, kana kwamba ni aibu kuwaza bahari wakati mtu anachomwa sindano mbili nene mkononi mara tatu kwa wiki. Kwetu swali hilo alilileta kaka yangu mkubwa mwenyewe, akiwa bado amelazwa. "Mwaka huu mnakwenda lini?" aliuliza. Alisema *mnakwenda*. Miaka yote tulikuwa tukisema *tunakwenda*.

Nawaandikia wenye desturi kama yetu: mara moja kwa mwaka, kundi lile lile la ndugu na marafiki, mashua ya kukodi, mishipi, chambo, na usiku mmoja au zaidi ufukoni. Nazungumzia mgonjwa wa figo aliye kwenye mashine. Aliyepandikizwa figo, na yule ambaye figo zake bado zinajikongoja bila mashine, wana masharti yao tofauti, hasa ya chakula na dawa.

Rai yangu naitanguliza. Msiahirishe safari mpaka apone. Kwa mtu wa mashine ya kudumu ambaye hajapata figo ya kupandikizwa, hakuna "akishapona". Ukisema mtakwenda mambo yakitulia, umeshasema hamtakwenda. Ifupisheni, isogezeni karibu, badilisheni saa za kuingia majini, lakini iwepo. Daktari wake akubali kwanza. Mwenye homa, mwenye moyo ulioelemewa, au ambaye presha yake huanguka kila anaposhuka kitandani baada ya mashine, abaki nchi kavu mwaka huu, na ninyi mwende mkachome samaki barazani kwake.

Kalenda mbili

Zamani tuliongozwa na kalenda moja tu, ya mwezi. Sasa kuna ya pili, ya mashine, na kazi kubwa kuliko zote katika matayarisho ni kuzipatanisha hizi mbili. Mkifanikiwa hapo, mengine ni mepesi.

Anzeni na mashine. Wengi husafishwa mara tatu kwa wiki, kiasi cha saa nne kila mara. Siku yenyewe ya mashine haifai kusafiri. Mtu hutoka amechoka kama aliyelima ekari nzima, kichwa chepesi, na damu yake bado ina dawa ya kuizuia isigande, hivyo mchubuko mdogo wa ndoana unaweza kuvuja kwa muda mrefu. Siku inayofuata ndiyo siku yake bora. Maji ya ziada yametoka, potasiamu imeshuka, na amelala usingizi wa kutosha. Kwa mwenye zamu za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, siku ya bahari ni Jumamosi. Jumapili ni ya kurudi nyumbani asubuhi, si ya kuingia tena majini. Mapumziko ya kutoka Ijumaa hadi Jumatatu ndiyo marefu kuliko yote katika wiki yake, na madaktari wa figo wanajua kwamba mwisho wa mapumziko hayo ndipo moyo wa mgonjwa unapokuwa hatarini zaidi, kwa maji na potasiamu vilivyokusanyika. Mwenye zamu za Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, siku yake ni Jumapili, na Jumatatu asubuhi awe amesharudi. Kuruka zamu moja ili kupata siku ya ziada baharini ni jambo la kukataliwa hata akiliomba mgonjwa mwenyewe.

Sasa mwezi. Mvuvi yeyote wa pwani atakwambia kwamba mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, bahari huingia bamvua: maji hujaa sana na kukupwa sana. Katikati ya vipindi hivyo, karibu na tarehe saba au nane na ishirini na mbili za mwezi mwandamo, au siku moja mbili baadaye, kuna maji mafu. Wengi wetu tulizoea kudharau maji mafu. Kwa safari ya mgonjwa ndiyo yanayotakiwa. Mkondo ni mpole, chubwi inafika chini bila kuburutwa, na jambo kubwa zaidi ni saa zake. Katika pwani yetu, wakati wa bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na kukupwa karibu na saa nne. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka: saa nne asubuhi ndipo maji yanapokuwa juu.

Ukiijua Bagamoyo utaelewa kwa nini natilia mkazo jambo hili. Ufuko ule una mteremko mdogo sana. Bamvua likikupwa, mashua hubaki mchangani mbali kabisa na wavuvi hubeba samaki mabegani wakitembea kwenye maji na tope. Mzima huona ni mazoezi. Mtu wa figo atafika ufukoni amekata pumzi. Lakini mkiingia majini saa kumi na mbili asubuhi siku ya maji mafu, mtavua kwa saa tatu na ushei na kurudi na maji ya kujaa, mashua ikisogea karibu zaidi na ufuko. Jua kali bado halijasimama. Kwake yeye, hiyo ndiyo siku nzima ya uvuvi. Vijana wakitaka kurudi usiku, warudi wenyewe.

Majira nayo yana neno lake. Kusi la Juni hadi Agosti si la kumpandisha mgonjwa chomboni, wala kaskazi ikishashika Desemba na Januari. Kilichobaki ni maleleji, pale pepo zinapobadilishana zamu, Oktoba na Novemba. Tafuteni Jumamosi ya miezi hiyo inayoangukia maji mafu. Mtazipata tatu au nne tu. Chagueni mbili, moja ya kwenda na nyingine ya akiba, kisha mjulisheni muuguzi wa kitengo chake na mhakikishe nafasi ya Jumatatu ni ya asubuhi. Nahodha apigiwe simu baada ya hapo, si kabla.

Sisi zamani tulikwenda Mafia, siku tano. Tuliiacha kwa uchungu. Kipimo changu sasa ni kwamba kutoka mahali pa kulala hadi kwenye mashine pasizidi saa tatu kwa gari. Bagamoyo iko kilomita zipatazo 70 kutoka Dar es Salaam, na ukitoka saa kumi alfajiri barabara ni nyeupe, kwa hiyo mgonjwa hulala kitandani kwake Ijumaa. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya viko karibu zaidi na jiji, lakini hivyo ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975 na kuvua humo hakuruhusiwi. Msije mkamtia mgonjwa katika mkasa wa boti ya doria.

Mkono wenye mshipa

Mgonjwa wa muda mrefu hufanyiwa upasuaji mkononi, mara nyingi ule asioutumia sana, mshipa unaotoka na damu moyoni ukaunganishwa na ule unaoirudisha. Wauguzi huuita fistula. Jina hilo ndilo la jeraha la uzazi wanalopata kina mama, kwa hiyo waelezeni vizuri watu mnaosafiri nao, wasielewe vingine. Ukiweka kidole juu ya mshipa huo unasikia mtetemo, kama nyuki ndani ya mzinga. Mtetemo huo usikilizwe kila asubuhi, na asubuhi ya safari usikilizwe mara mbili. Ukinyamaza, hakuna bahari. Ni kwenda hospitali siku hiyo hiyo, maana huo mshipa ndio mlango wa uhai wake.

Mkono huo hauvai saa ya kubana. Hauvuti nanga, haubebi ndoo, haupimwi presha, haulaliwi. Juu ya yote, hauzungushiwi mshipi. Sote tunaijua tabia hii: chewa akikimbilia mwambani, mtu huzungusha mshipi kwenye kiganja au kifundo cha mkono ili apate nguvu. Uzi wa nailoni wenye samaki wa kilo nne unakata ngozi ya mtu mzima. Juu ya fistula unaweza kuleta damu ambayo haitazimwa kwa kitambaa.

Mshipi, kama ujuavyo, ni wa mikono miwili, mmoja unavuta na mwingine unapokea. Kaka alipopandishwa mashuani mara ya kwanza baada ya kuugua, nilimpa kiti chenye mto na kumwambia apumzike, sisi tutavua. Alikaa kimya nusu saa nzima akitazama maji. Kijana wangu ndiye aliyelipatia jambo hilo dawa. Alimsogelea akamwekea mshipi kwenye kidole cha mkono wa kulia na kumwambia, "Baba mkubwa, wewe sikiliza, mimi nivute." Tangu siku hiyo ndivyo tunavyofanya. Kidole chake kinajua kutofautisha changu anayedonoa na mkondo unaochezea chambo, na kijana ana mikono miwili mizima. Akisema "sasa," mtoto anavuta. Samaki huyo ni wake, na huhesabiwa wake jioni. Usimpeleke ndugu yako baharini ukamfanya abiria.

Mvalishe shati la mikono mirefu, kwa jua na kwa miiba. Asishike tasi wala samaki yeyote mwenye miiba ya sumu. Awatoe mwingine kwenye ndoana. Akae katikati au shetri, si omo ambako mashua inapigapiga. Jaketi la kuokolea maisha alivae tangu ufukoni. Damu ikitoka kwenye fistula, bonyeza pale pale inapotokea kwa vidole viwili, kwa nguvu, mkono ukiwa juu, bila kuachia kuchungulia, dakika kumi na tano. Ikiwa inaruka, endelea kubonyeza huku chombo kinageuzwa.

Na yule ambaye bado hana fistula, anayesafishwa kwa mpira uliopitishwa shingoni au kifuani? Mpira huo hautakiwi kulowa hata kidogo, kwa sababu vijidudu vikiingia hapo vimeingia moja kwa moja kwenye damu. Siwezi kumshauri kupanda mashua. Akae mkekani ufukoni, mahali ambapo mawimbi hayamfikii, awe ndiye anayepokea samaki na kugawa.

Kiu

Hapa ndipo penye kazi, kuliko hata mkono. Mtu wa mashine ambaye hakojoi, au anakojoa kidogo, kila anachokunywa kinabaki mwilini hadi zamu ijayo, na lita moja ya maji ni kilo moja ya uzito. Wengi huruhusiwa nusu lita kwa siku, kuongeza kiasi kile wanachokojoa. Cha ndugu yako atakisema daktari wake. Sasa mweke mtu huyo kwenye jua la pwani, chumvi midomoni, mbele yake wenzake wanagugumia maji ya baridi.

Njia iliyotufaa ni hii. Asubuhi mnajaza chupa kipimo chake cha siku. Hiyo ndiyo pekee anayokunywa. Akinywa kikombe cha chai, kiasi hicho kinamwagwa kutoka kwenye chupa. Akila uji, supu, mchuzi au barafu, vivyo hivyo, maana vyote ni maji. Chupa ikikauka, siku imekauka. Asukutue mdomo na kutema mara nyingi apendavyo, na kipande cha limau cha kulamba kinasaidia. Wenzake wasinywe mbele yake kwa fujo. Chukueni pia mizani ya kupimia watu. Kila mgonjwa ana uzito wake mkavu, yaani ule anaotakiwa kubaki nao maji ya ziada yakishatolewa. Akipanda zaidi ya kilo moja kutoka Jumamosi asubuhi hadi Jumapili asubuhi, amezidisha, na pumzi zikianza kumbana akilala chali, msingoje Jumatatu.

Madafu nayataja peke yake kwa sababu yalikaribia kutuulia ndugu. Mwaka ule wa kwanza tulishuka chomboni, kiu imemshika, na ufukoni kuna kijana anakata madafu. Nani amewahi kusikia dafu likimdhuru mtu? Tunampa mgonjwa, tunampa mzazi, tunaambiwa linasafisha figo. Alikunywa matatu. Kikombe cha robo lita cha maji ya dafu kina takriban miligramu 600 za potasiamu, na wagonjwa wa mashine wengi huwekewa ukomo wa kama miligramu 2,000 kwa siku nzima, chakula chote ndani yake. Figo zisizofanya kazi haziwezi kuitoa potasiamu hiyo, na ikizidi kwenye damu husimamisha moyo. Usiku miguu yake ililegea, midomo ikafa ganzi, mapigo ya moyo yakawa yanaruka. Tukamkimbiza zahanati ya karibu, na huko mhudumu, kwa nia njema kabisa, akaanza kutafuta mshipa wa kumtundikia dripu. Katika mkono wa kushoto, ule wenye fistula. Tuliondoka naye mbio kuelekea mjini.

Kutokana na usiku ule ninasisitiza karatasi. Iwe moja, imefungwa kwenye plastiki, ikae shingoni mwa mtu mmoja aliyeteuliwa, asiyevua siku hiyo ikibidi. Iandikwe siku za mashine, uzito mkavu, dawa zote, simu ya kitengo chake, na maneno makubwa haya: *Huyu ni mgonjwa wa figo anayesafishwa damu. Msitumie mkono wa kushoto. Msimtundikie dripu wala kumpa maji ya chumvi na sukari kabla ya kuzungumza na kitengo chake.* Badilisha mkono kulingana na wake.

Chunguni

Habari njema ni kwamba samaki mbichi aliyetoka majini anamfaa. Mashine inapoteza protini, na mtu aliyekwisha kuanza kusafishwa anatakiwa ale protini zaidi kuliko alipokuwa akisubiri. Changu wa kuchoma kwa limau, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga, na wali mweupe pembeni, ni mlo wa kumpa bila hofu, chumvi ikiwa ya kugusia tu au isiwepo kabisa. Kama ana vidonge vya kuzuia fosforasi, avimeze na chakula, si baadaye.

Asile ng'onda: chumvi yake itamletea kiu ya siku mbili. Dagaa wanaoliwa na mifupa wana fosforasi nyingi. Muhogo, viazi na ndizi vina potasiamu. Vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe, na ale kidogo. Zile chumvi mbadala zinazouzwa kwa wenye presha, nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu, kwa hiyo zibaki dukani.

Wapishi wa pwani niwaombe jambo moja zaidi: birimbi. Najua mchuzi wa samaki bila ukali wake unapooza. Lakini birimbi lina oksaleti nyingi mno, na kuna watu waliokuwa wazima ambao figo zao zilifeli baada ya kunywa juisi yake. Ndugu yake, lile tunda la pembe tano ambalo kipande chake ni nyota, lina sumu ambayo figo mbovu haziwezi kuitoa, na wagonjwa wa mashine wamekufa kwa kulila, wakianza na kwikwi isiyokoma na kuchanganyikiwa. Tumieni limau au ukwaju kidogo sana.

Mgongo ukimuuma jioni, msimpe diklofenaki wala ibuprofeni mliyobeba mfukoni. Zinamaliza uhai mdogo uliobaki kwenye figo na kuchokoza tumbo. Dawa ya kutapika baharini aulize daktari kabla ya safari. Mitishamba isipande mashuani kabisa.

Maneno ya mashuani

Punguzeni pole. Mtu aliyeambiwa pole mara ishirini kabla ya saa tatu asubuhi hawezi kusahau ugonjwa hata dakika moja. Mwulizeni hali asubuhi, mwulizeni tena mkishuka. Katikati zungumzeni habari za chambo. Lakini akisema "turudi," geuzeni chombo pale pale, bila mjadala na bila kusubiri samaki mmoja zaidi. Makubaliano haya yafanyike mbele ya nahodha kabla ya kung'oa nanga.

Kuna jambo jingine mtakalokutana nalo. Baharini mtu huongea yale asiyoyasema nyumbani. Macho yako kwenye maji, mikono ina kazi, hakuna anayemtazama usoni. Kaka yangu aliniambia pale kwamba amechoka na mashine, kwamba kuna siku anafikiria kuacha, na nani anataka amwangalie mke wake. Nilitaka kumkatiza kwa "utapona, inshallah, usiseme hivyo." Namshukuru Mungu samaki alidonoa nikanyamaza. Akaendelea. Ukipewa maneno hayo, yapokee yote, usiyafunike kwa dua ya haraka. Dua utaiomba usiku. Na yale ya kuchoka, mwulize mkishuka kama yupo tayari kumwambia daktari, mwende wote.

Jumapili asubuhi mpimeni uzito, fungeni mizigo, mrudisheni kwake kabla ya adhuhuri. Mgawieni fungu lake la samaki kamili, kama mvuvi, si kama zawadi ya mgonjwa.

Na Jumatatu, mmoja wenu aliyekuwa mashuani aombe ruhusa kazini, ampeleke mashine, akae naye saa zote nne. Hiyo nayo ni sehemu ya safari. Chukua kalenda ya mwezi mwandamo uende nayo, mkatafute pamoja Jumamosi ya mwaka ujao.